Marejesho ya Iswagala

Siku gemu ya Iswagala ilipofunguliwa nilivaa kitenge changu cha buluu chenye kuku na vifaranga, kile ambacho hukitoa sandukuni kwa harusi tu. Sechelela alikuwa ameshafika ukumbini kabla yangu. Alikaa benchi la mbele kabisa, kajifunga khanga kichwani kama mtu anayekwenda kubeba ndoo, na aliponiona akasogea kidogo na kupiga benchi kwa kiganja.

"Kaa hapa, Mnyamwezi," akasema. "Nimekushikia nafasi ili nikuone vizuri ukilia. Ukilia, mimi nacheka."

Nikamwambia asogeze makalio yake ya kuombaomba, benchi ni la kijiji, si la Wagogo. Waliokaa nyuma yetu wakacheka. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana mimi na yeye tangu tukiwa wasichana, na ndivyo walivyosalimiana baba zetu, tangu babu zangu wapagazi walipopita kwenye visima vya Wagogo na mizigo mabegani, wakatozwa kwa kila kibuyu cha maji. Sijawahi kumwamkia Sechelela kwa adabu hata siku moja. Ningemwamkia kwa adabu, angeniuliza nani amekufa.

Ukumbi wenyewe ni ule wa Makazi Mapya, walikotuhamishia kijiji chetu cha Iswagala kilipochukuliwa kuwa shamba la vioo vya umeme wa jua. Shamba hilo unaliona ukisimama mlangoni kwangu. Vioo vimejaa bonde zima, vinageuka pamoja na jua tangu asubuhi hadi jioni, na mahali fulani chini yake ndipo lilipokuwa jiko langu. Fidia yetu tuliwekewa kwenye umeme. Kila kaya ina gawio lake linaloingia kwenye betri ya nyumba, kisanduku cheusi kama kigoda, kina mpini juu. Na gawio hilo ndilo tulilowachangia watu wa studio ya gemu. Mashine zao zilikuwa na njaa ya umeme, sisi tulikuwa na njaa ya nyumbani, tukaona tunafaana. Miaka yote ile ya kungoja, tulipika kwa kuni huku vioo vinatumulika usoni, na watoto walisoma kabla jua halijazama kwa sababu taa zetu zilikuwa zimekwenda kuijenga Iswagala.

Basi tukagawiwa miwani. Nilipoivaa, ukumbi ukaondoka.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Mlango ule ule wa mbao, umezibwa pembeni kwa kipande cha bati la debe la mafuta, maandishi yake yamepinduka kichwa chini. Nikaingia jikoni. Mafiga matatu, lile la nyuma fupi, limeinuliwa kwa kipande cha jembe lililovunjika. Moshi ulinichoma macho kama zamani. Kulikuwa na chungu cha mlenda motoni, na mwiko umeegeshwa upande wa kushoto, maana mkwe wangu wa kike alikuwa na mkono wa shoto. Pembeni yangu nikasikia mtu anavuta kamasi. Sechelela ndiye aliyetangulia kulia. Nikacheka kwa haki yangu.

Halafu nikatoka uani, nikamkuta Mihambo.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye gogo lake, anachonga mpini wa jembe, anaimba wimbo wake mmoja ambao hakuwahi kuupatia sauti. Akifika mahali pa juu anakohoa kidogo, anaanza upya kwa chini. Kifua ndicho kilichokuja kumuua, lakini siku ile ya mpini kilikuwa bado kikohozi tu. Nikamwita jina. Akainua kichwa akanitazama kwa jicho lile la kumtazama mtu aliyekuja kuazima kitu, kisha akarudi kwenye mpini. Mimi hilo lilinitosha. Ningekaa pale mpaka waje kunitoa.

Hawakungoja sana. Mbingu ikawa nyekundu, na sauti ya mwanaume nisiyemjua ikasema tuchague upande, Watu wa Mwezi au Watu wa Kisima. Watoto waliokuwa ukumbini wakachagua upesi. Gogo likawa tupu. Uani pakawa na kaburi lililochimbwa, mwili wa Mihambo umeviringishwa sanda, na ukingoni mwa kaburi amekaa Sechelela, mwanamke wa makamo, miguu inaning'inia ndani, blanketi la marehemu mabegani.

"Huyu nimemuua mimi," akasema. "Alikunywa maji yetu, hakulipa. Hashuki humu mpaka nilipwe. Na hawa watoto wake nitawamaliza mmoja mmoja."

Maneno ni yake kweli. Aliyasema siku ile, kwa sauti ile, na blanketi alilichukua kweli, akalilalia miaka. Ila siku ile uwanja mzima ulivunjika mbavu kwa kicheko. Mimi mjane nilicheka mpaka nikashikwa mikono nisianguke, nikapata pumzi ya kumzika mume wangu. Ndani ya gemu kicheko kilikuwa kimeondolewa. Mahali pake palivuma upepo. Na juu ya kichwa cha Sechelela kukatokea maandishi ya moto: LIPA KISASI.

Nikavua miwani. Ukumbini watoto walikuwa wameinua mikono, kila mmoja ameshika silaha isiyoonekana, wanapiga hewa. Wa kwanza kupiga, mstari wa mbele, alikuwa Kalunde, mjukuu wangu.

Sechelela alikuwa bado amevaa miwani yake. Alikaa pale pale kwenye benchi, kainamisha kichwa, kama mtu aliyekutwa na mvua njiani.

*

Aliyetuletea habari za gemu hiyo kwa mara ya kwanza aliitwa Evarist. Alikuja Iswagala wakati tumeshaambiwa tutahama, kijana mwembamba mwenye viatu ambavyo tope la kwetu lilivila soli. Alilala kwangu. Siku ya kwanza tu Sechelela alimdai ushuru wa maji ya kuogea, kijana akatoa shati lake akampa, kesho yake akalikuta limefuliwa na kunyooshwa mlangoni. Akasema kwao pia wanao watani, lakini si wakali hivi. Alikula mlenda wetu mpaka akajua kuusokota kidoleni usidondoke.

Aliahidi kwa kinywa chake, si kwa karatasi. Alisema hakuna silaha itakayoingia Iswagala, wala gemu haitauzwa kwa mtu mwingine aifanye anavyotaka. Wajukuu wetu wataingia humo kwanza, waijue njia ya kisimani na jina la kila mlima. Tukamwamini. Mtu akishakula kwako na ukamfulia shati, humwombi mashahidi.

Namna ya kuchangia ilikuwa hivi. Kulikuwa na kofia ya nyuzi, imefumwa wazi wazi kama wavu wa nywele. Unaivaa, unakaa kimya, unakumbuka. Kofia haichukui picha. Inachukua namna mwili wako unavyokumbuka, uzito wa mtungi, joto la jiwe, sauti ya mtu akiwa chumba cha pili. Unachokikumbuka kwa kikao kimoja kinatoka kama uzi mmoja usiokatika. Nyuzi zote zinakwenda kwenye mashine waliyoiita Mfumaji, nayo inazifuma pamoja, kila mtu na uzi wake, mpaka kijiji kinasimama. Uzi ukishafumwa, ama unakaa wote ama unatoka wote.

Wengine walitoa vikao vifupi vifupi, leo harusi, kesho mavuno. Mimi nilikaa asubuhi moja nikamkumbuka Mihambo kuanzia mpini wa jembe mpaka kaburini bila kupumzika, kwa sababu niliogopa nikisimama sitaweza kuanza tena. Evarist alikuwa akisikiliza kwa kofia ya pili. Tulipofika kwenye mpini alifuta machozi. Tulipofika kaburini alicheka mpaka akashika tumbo, akaniuliza huyo mama ni nani, nikamwambia huyo ndiye mtani wangu, ndiye aliyekudai ushuru.

Lakini kwenye kofia sikulikumbuka neno hilo. Hakuna hata mmoja wetu aliyevaa kofia akakaa kukumbuka kwamba utani ni utani. Nani anakumbuka kitu kama hicho? Tulikumbuka matusi tu, na vitisho, na kugombania majeneza, kijiji kizima, uzi juu ya uzi.

*

Baada ya ufunguzi, gemu haikubaki kwetu. Ilichezwa mijini, ikachezwa nchi ambazo sizijui, na watu wengi zaidi walichagua Watu wa Mwezi, kwa sababu Watu wa Mwezi ndio walioanza kwa msiba. Sechelela akawa anauawa kila dakika. Kumchoma ndani ya nyumba kulilipa alama zaidi ya kumkata, hivyo nyumba yake ya zamani, yenye ile dari ya mabua aliyoisuka mwenyewe, ndiyo iliyokuwa inaungua sana.

Yeye alifanya mzaha nayo. Akikutana na mimi bombani alisema amechelewa kwa sababu alikuwa anakufa. Mtu alipompakia masizi mlangoni kwake Makazi Mapya, akasema wamemwandikia anwani, sasa wageni hawatapotea.

Kwa watoto haikuwa mzaha. Mjukuu wake, Chiku, na mjukuu wangu Kalunde walikuwa wakikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, wanachanganya chakula mpaka hujui kiporo ni cha nani. Kalunde akamwomba mwalimu amhamishe. Alipofika nyumbani akanieleza mwenyewe, bila kuficha, kama mtu aliyefanya jambo jema. Nikamkalisha. Nikamweleza habari za visima na mizigo, za blanketi, za jinsi mtani anavyokuja msibani kukutukana ili usife kwa kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtoto msikivu.

"Bibi," akasema, "nimemsikia mwenyewe akisema amemuua babu."

Nikamwambia ule ulikuwa utani.

"Hakuna aliyecheka," akasema. "Nilikuwepo. Na ule uzi ni wako, bibi. Wewe ndiye uliyeutoa."

Alinitazama kwa huruma, akanichotea maji ya kunywa. Nikajua anafikiri nimetishwa, na kwamba miaka yote ninakula na muuaji kwa sababu namwogopa. Tangu siku ile, Sechelela akija nyumbani, Kalunde haendi mbali. Anajifanya anafagia.

*

Malalamiko yalipokuwa mengi, studio ikatuma mtu wa marejesho. Alikuwa Evarist. Walimpa ofisi ya mwalimu mkuu kwa wiki ile, na wachangiaji tukapanga foleni kwenye kibaraza chini ya ramani ya nchi iliyochorwa ukutani. Wengine waliingia na kutoka upesi, hawatazami mtu. Zamu yangu ilipofika akasimama, akatoa mikono yote miwili.

"Shikamoo bibi."

Nikamwitikia, maana salamu haina kosa. Alikuwa amenenepa kidogo. Viatu vyake sasa vilikuwa vile ambavyo tope haliviwezi.

Nilimwomba anieleze ilikuwaje, akanieleza kwa utaratibu, na sitamsingizia kwamba alikwepa. Alisema Mfumaji hajui kitu asichopewa. Nyuzi zote zilipokamilika waliiuliza mashine, Iswagala inahusu nini? Mashine ikapekua. Ikakuta maneno mwizi, muuaji, nitakumaliza, hamzikani bure, kila harusi, kila msiba, kila mahali watu wawili walipokutana kisimani. Ikajibu kwamba hapa palikuwa na vita ya vizazi na vizazi, tena vita ambayo haijaandikwa popote. Wakati huo studio ilikuwa imeishiwa, umeme wetu hautoshi. Wakaja wabia wapya, nao wakalipenda jibu hilo. Wakasema kijiji cha kutembea tembea hakina mchezaji, lakini vita ya kweli ya watu wa kweli inayo.

"Na kicheko?" nikauliza.

"Kimo bado. Kimenyamazishwa."

"Kirudisheni."

Akasema hana mamlaka nacho, kimeuzwa pamoja na vingine vyote. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ratiba ya vipindi, na mjusi mdogo anaipanda taratibu. Nikamwambia, wewe ulikaa jikoni kwangu. Ulivaa kofia ya pili. Ulicheka mpaka ukashika tumbo.

"Nilijua, bibi," akasema.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Mara moja."

"Na mara ya pili?"

Akaangalia viatu vyake. Mpaka hapo nilikuwa nimeshikilia kwamba kuna mashine fulani huko mbali iliyokosea, na mashine ni kama ng'ombe, huwezi kuikasirikia. Lakini aliyeharibu alikuwa huyu, niliyemwonyesha kusokota mlenda. Alijua kile kilichokuwa kwenye ule uzi kuliko mtu yeyote duniani ukiniondoa mimi, akakiacha kiende.

Kisha akanieleza masharti. Kanuni ya marejesho inasema mchango unarudishwa ukiwa na kasoro. Uzi wangu utafumuliwa wote, umeme wangu nitarudishiwa kwenye betri iliyojaa, na Sechelela wa kaburini atakoma kuwemo, kwa sababu yumo kwa uzi wangu mimi na si wa mtu mwingine. Ila lazima niseme kwa sauti yangu, mashine ikinisikia, kwamba nilichotoa hakikuwa kweli.

"Kasoro iko kwenye gemu yenu," nikasema.

"Gemu haina kasoro, bibi. Inachezeka vizuri."

Nikamwuliza kama wanaweza kufumua kaburi na kuacha mpini. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Uzi mmoja, kikao kimoja. Alilikumbuka hilo vizuri.

*

Nilikwenda kwa Sechelela moja kwa moja. Alikuwa anapepeta uwele, makapi yamemjaa kwenye nyusi. Nikamweleza yote, na sharti la kusema uongo nikalieleza, na habari za Mihambo nikazieleza mwisho, kwa haraka.

Hakuacha kupepeta. Aliniambia nirudi nyumbani nikalale. Yeye anachomwa kila siku na bado ugali unamshuka, lakini mimi mume wangu akifumuliwa nitamtoa wapi mwingine, na uso nilionao? Picha zake tulikuwa nazo mbili, moja ililiwa na mchwa, ya pili amefumba macho. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote.

"Mwache Mgogo afe," akasema. "Wapo wengi."

Nikacheka. Naye akacheka. Na huenda ningerudi nyumbani kweli, nikayaacha yale yaendelee, na kila nikitamani ningevaa miwani nikamwone mwanaume wangu anachonga kabla mbingu haijawa nyekundu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufanya hivyo, sitaficha. Unapata muda kama wa kuchemsha chai.

Ndipo Chiku akarudi kutoka shule. Sweta lake la kijani lilikuwa limevaliwa ndani nje, na mgongoni kupitia nyuzi nikaona chaki, mtu alikuwa amemwandika. Alitupita. Hakuniamkia, mtoto ambaye nilimpokea mikononi siku aliyozaliwa. Sechelela akaweka ungo chini, akamvuta, akamfuta uso kwa ncha ya khanga. Akafungua mdomo. Namjua mdomo ule. Nikangoja uchekeshe. Ukabaki wazi hivyo hivyo, kisha akaufumba.

Nikainuka, nikarudi shuleni kabla Evarist hajafunga ofisi.

Aliniuliza kama nataka kuingia kwanza kuaga. Nikavaa miwani. Mihambo alikuwa kwenye gogo, mpini umekaribia kuisha, maganda ya mti yamemjaa mapajani. Nikachuchumaa karibu yake nikasikiliza. Alipofika mahali pa juu pa wimbo, kabla hajakohoa, nikasema kwa sauti maneno niliyoelekezwa. Mimi Nyamizi, mchangiaji, nilichotoa hakikuwa kweli.

Hakukohoa. Wimbo uliishia pale juu, na gogo, na uwanja, vikavutwa upande mmoja kama shuka inayoanuliwa, pakabaki ardhi tupu ya rangi moja ambayo si ya mahali popote.

Nilipovua miwani Evarist alikuwa analia. Nilimwacha hapo hapo. Sikuwa na khanga ya kumfuta mtu siku ile.

*

Kalunde alilisikia tamko langu. Walilitangaza kwa wachezaji wote, ili wajue kwa nini kaburi limetoweka na mahali pake pamewekwa mnara. Nilidhani atafurahi, au angalau ataelewa. Alinijia jikoni akanishika mkono.

"Wamekulazimisha useme hivyo," akasema. "Najua, bibi. Usijali. Mimi sisahau."

Betri ikaletwa kwa gari la studio, ikashushwa mlangoni. Ilikuwa mpya, imejaa, taa yake ndogo ya kijani imetulia. Niliiruka siku kadhaa nikiingia na kutoka. Sikutaka kuiunganisha.

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa uani nachambua choroko. Upepo ulikuwa wa vumbi, vioo bondeni vimekuwa vyekundu kidogo. Nikasikia mtu anaimba njiani, wimbo wa kudai ushuru, ule ambao Wagogo waliwaimbia wapagazi. Nikajua. Moyo wangu ukanyanyuka kwa mara ya kwanza tangu ukumbini.

Sechelela akaingia akicheza kwa mabega, kata ya khanga kichwani tayari kwa mzigo. Hakunitazama. Alizunguka betri mara mbili kama anayenunua mbuzi, akaigonga kwa kidole.

"Umefuta kifo changu bila kunilipa," akasema. "Kifo kizuri, kimependwa dunia nzima. Hii ndiyo fidia yangu. Naondoka nayo."

Akainama, akaishika mpini, akaitweka kichwani kwa ule ustadi wake, ikakaa sawa kwenye kata. Kama alivyolichukua blanketi. Ilikuwa haki yake kuichukua, na ilikuwa haki yangu kumtukana mpaka barabarani, na kesho angeirudisha, au asingeirudisha, na vyote viwili vingekuwa sawa. Nikasimama, choroko zikamwagika.

"Mwizi wewe!" nikapiga kelele. "Muuaji! Uliniulia mume, sasa unaniibia na taa!"

Sauti yangu ilikuwa na furaha. Naapa ilikuwa na furaha. Mtu yeyote wa Iswagala angeisikia kutoka mlima wa pili akaacha jembe aje kucheka.

Kalunde akatoka jikoni na mchi. Hakukimbia. Alipita mbele yangu, akaenda kusimama penye njia ya kutokea, akaushika mchi kwa mikono miwili.

"Weka chini," akamwambia Sechelela.

Sechelela akacheka, betri ikatikisika kichwani. Akamwambia akiiweka chini atambeba yeye badala yake, akawapikie Wagogo mlenda.

Kalunde hakucheka. Akainua mchi mpaka usawa wa bega. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa uso wa mtoto anayefanya kazi aliyotumwa. Nyuma yake, nje ya ua, niliona Chiku amesimama barabarani anamngoja bibi yake, anatutazama sote watatu.

Sechelela akanigeukia. Nilijaribu kusema kitu, lakini nilichokuwa nacho mdomoni kilikuwa tusi lililobaki, na sikuthubutu kulitoa.

Akapiga magoti polepole, nikasikia yanalia, akaitua betri ardhini. Akaivua kata, akaikunjua, akajifunga khanga vizuri. Kisha akamwambia Kalunde kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti laini ya mtu aliyefika ugenini.

"Natania, mjukuu wangu. Mimi na bibi yako ni watani."

Kalunde akashusha mchi kidogo. Hakuuacha.

Sechelela akampita kwa pembeni, bila kumgusa. Alipofika nje akamshika Chiku mkono, halafu akageuka kunitazama juu ya ua.

"Haya, dada Nyamizi," akasema. "Uwe na mchana mwema."

Nilitaka kumwuliza nani amekufa.

"Asante, dada," nikamjibu. "Nawe pia."